"Ya kwako?"

Wiki yote hii kuna neno moja linanizunguka kichwani na wala sio la kazini. Bi mkubwa kafanyiwa operesheni ya jicho na alhamdulillah anaona, ofisini wametupunguza mimi nimebaki, Nasra kamaliza mitihani, yote hayo yamepita na mimi bado nipo Temeke kwenye arusi ya Rukia namsikiliza shem.

Shem mnamjua, yule mdogo wake wa mwisho Mama Nasra aliyeko Dubai. Kaja na saa mpya, kubwa, milimita 46 mwenyewe katutajia bila kuulizwa, imemkaa mkononi kama kifuniko cha chupa ya chai. Sasa tunanawa, mimi nimenyoosha mikono kwenye beseni na yeye kanyoosha yake, saa zikawa jirani. Akaangalia. "Shem, hiyo saa ya dada umeivalia nini?"

"Ya kwangu," nikamjibu.

"Ya kwako?"

Basi ndo hiyo. Sio lile la kwanza, la kwanza ni utani na shemeji ana haki ya kunitania, hata angesema nimevaa kanga nisingenuna. Ni ile "ya kwako" jinsi alivyoivuta, akaipandisha mwishoni, huku ameshamgeukia Baba Mkubwa, na Baba Mkubwa akacheka mpaka akaanza kukohoa. Utani una mahali pake jamani. Mbele ya Baba Mkubwa, na vijana wamekaa pale wananiangalia mimi, na chakula ndo kinashushwa, utajibu nini? Nilikaa kimya nikala. Ila tangu siku hiyo nikiwa kwenye kivuko asubuhi naisikia, nikipiga pasi naisikia, ya kwako? Mama Nasra anasema yule mtoto hakumaanisha kitu. Najua hakumaanisha, ndo maana inauma, kwake ilikuwa jambo la wazi kabisa kwamba saa ndogo kama yangu haiwezi kuwa ya mwanaume.

Wakati ile ni Seiko 5. Nimeinunua Kariakoo kwa fundi saa, kwa hela yangu, baada ya kuitamani muda mrefu kwenye kile kisanduku chake cha kioo. Fundi aliipima mbele yangu kwa kile kipimo chake cha chuma, milimita 36 bila kuhesabu kitufe cha pembeni. Na kitufe chenyewe hakipo pale tulipozoea kwenye namba 3, kimeshushwa kwenye 4 na kuzamishwa kidogo ubavuni, kwa hiyo ukikunja mkono hakikuchomi. Tarehe na siku zipo kwenye kidirisha kimoja, siku unachagua Kiingereza au Kiarabu, ni zile zilizotengenezewa soko la Uarabuni, mi nimeiacha kwenye Kiarabu. Haina betri na hata kuitia ufunguo hakuna, asubuhi naitikisa kidogo ule mshale wa sekunde unaanza kutembea nami natoka nayo. Seiko walianza kuzitoa hizi 5 mwaka 1963 na wanaume wazima walizivaa, mahakimu, madereva, walimu wakuu, hakuna aliyewauliza kama wameazima kwa wake zao.

Na mkono wangu mimi ni mwembamba, futi ya fundi cherehani inasoma sentimita 16 na kidogo. Saa ya 46 nikiivaa vile vishikio vya mkanda vinatoka nje ya mkono huku na huku, mkanda unaning'inia hewani, na mkono wa shati haupiti. Hii yangu inakaa katikati ya kifundo, inaingia chini ya shati, naisahau mpaka niitake. Mi ndo naita saa imenikaa. Sio kwamba nawachukia wenye saa kubwa, mwenye mkono mpana avae anachotaka, ila hili suala la kwamba ukubwa ndo uanaume limetoka wapi?

Maana ukifuatilia ni jambo la juzijuzi tu. Rolex walipotoa Datejust mwaka 1945 ilikuwa 36, na ndo ilikuwa saa ya mwanaume mwenye heshima zake kwa miaka mingi sana. Audemars Piguet walipotoa Royal Oak mwaka 1972 ikiwa na milimita 39 watu waliiona kubwa mpaka ikabandikwa jina la Jumbo. 39! Leo ukimpa shem 39 atasema ya mtoto. Zile kubwa kweli zilikuwa na kazi zake, marubani wa Ujerumani kwenye vita vya pili walikuwa na saa za milimita 55 wanazivaa juu ya koti la kurukia, na wapiga mbizi wa jeshi la maji la Italia walikuwa na Panerai za 47 ili wasome gizani chini ya maji. Miaka ya tisini Panerai zikaanza kuuzwa raiani, Sylvester Stallone akazivaa, mwaka 2005 Hublot wakaja na Big Bang ya 44, ikawa ndo mashindano. Kitu cha mpiga mbizi kikahamia kwenye arusi. Na cha ajabu ile Casio F-91W ya plastiki ya mwaka 1989, upana wake milimita 35 na ushee, imevaliwa na kila mtu mpaka wanajeshi na mpaka leo sijasikia mtu akiiita ya kike.

Haya ndo nilikuwa nayapanga kichwani kumjibu shem, sentensi kwa sentensi, halafu juzi usiku nimelala sijalala simu ikaita. Voisi ya shem. Salamu ndefu, hali ya mama, jicho, halafu: "Shem, ile Seiko yako ile, ni 36 eh? Hebu nipigie picha ya uso wake na mgongo. Washkaji huku wanazitafuta sana hizo ndogo za zamani, kubwa zimeshapita shem. Kama unaiuza niambie bei, nachukua mimi."

Wallahi nilifurahi. Nilimwamsha Mama Nasra nikamchezea ile voisi, nikaicheza tena. Nililala na furaha ya kutosha mtu mzima.

Asubuhi furaha haikuwepo. Kwa sababu nilichokuwa nataka ni shem aione ile saa, na bado hajaiona, ameambiwa na washkaji. Rolex hao hao Explorer yao ilikuwa 36, mwaka 2010 wakaifanya 39, mwaka 2021 wakairudisha 36. Miaka 11 hiyo mikono ya wanaume haikunenepa ikakonda. Kesho zikirudi kubwa shem ataniuliza tena ile ile, kwa sauti ile ile, na Baba Mkubwa atacheka tena akiwa hai inshallah. Mimi sikuivaa kwa sababu ilikuwa imepitwa na sitaivaa kwa sababu imerudi. Naipenda tu ilivyo, ule uso wake wa buluu ukipigwa na jua la kivukoni, na ninavyoisahau mkononi.

Nimemjibu neno moja, haiuzwi. Katuma kidole gumba. Sijui kaelewa nini, na hata Mama Nasra nikimuuliza anasema muache mtoto wa watu.

Lingine, wale mnaokumbuka habari ya kisima chetu, maji yamebadilika. Mwanzo ilikuwa ladha kidogo tu, sasa chai ina chumvi kabisa na sabuni haitoi povu, wapangaji wa nyuma wameanza kununua madumu na kodi ya miezi sita ijayo ndo tunaizungumza mwezi huu. Fundi aliyechimba anasema tusubiri mvua, mi simuamini, majirani wa upande wa baharini walisubiri mvua mbili na hali ni ile ile. Kama kuna mtu wa Kigamboni ameshapima maji yake aniambie alipima wapi na walimtoza shilingi ngapi.