Nyigu wanavyogombea kiwavi: nilichokiona Kisauni

"Nyunyiza dawa, mamangu, wataisha wote," aliniambia muuza dawa za shamba nilipomlalamikia viwavi wanaotoboa mabua yangu. Hakuuliza hata ndani ya bua mna nini. Mimi nilishapasua moja, nikamkuta kiwavi amekufa, kazungukwa na vifuko vyeupe vilivyobanana kama punje za mchele. Hao ni nyigu wadogo, Cotesia flavipes, ambao ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, iliwatoa Pakistan na kuwaachia huku Pwani mwaka 1993 wapambane na kiwavi huyu mtoboa mabua, Chilo partellus. Dawa ya juu juu ingempata nyigu anayezunguka nje. Kiwavi kajificha ndani. Nikakataa.

Nikataka kuwaona wakitaga, maana mayai huyaweka ndani ya kiwavi na watoto wao humla. Mpwa wangu akashauri nimweke kiwavi kwenye sahani pamoja na nyigu, nifunike bilauri. Haikufaa kitu. Kiwavi alizunguka ukingoni, nyigu wakang'ang'ania upande wenye mwanga. Dawa yake ni mrija! Ule mwangavu wa kunywea madafu, bei ya sarafu tu. Nilimsukumia kiwavi ndani, nikaziba nyuma kwa kipande cha bua, mlangoni nikaacha kinyesi chake, maana nyigu humsaka kwa harufu hiyo.

Nyigu, asiyezidi milimita 3, alipapasa kinyesi, akajipenyeza. Kiwavi akageuka, akamng'ata, nyigu akafa humo humo. Wengi hufa hivyo. Wa pili alikunja tumbo akachoma, na kwa sekunde chache akawa keshataga. Kila kiwavi hupewa mayai 40 hivi, na akiba yote ya nyigu mmoja ni 150 hivi, kwa hiyo viwavi watatu wanne wanaimaliza.

Saa kadhaa baadaye nikamleta nyigu mwingine kwenye mrija uleule. Alifika mlangoni, akapapasa, akarudi nyuma! Nilipiga kelele nyumba nzima ikaja. Nikampa mrija mpya, akaingia moja kwa moja. Anayetangulia huacha alama tunduni, na anayefuata mara nyingi huenda kwingine. Anayeingia hutaga kama kawaida, kisha watoto wa mama wawili hugombea chakula kimoja: wengine hufa, wanaopona hutoka wadogo.

Mabua msiyachome upesi. Mimi nayatia ndooni na kufunika chandarua kikuukuu: nyigu wanapenya, nondo waliotokana na viwavi wanabaki ndani. Wawekeeni tone la asali, wasipokula huishi siku mbili tatu tu. Jirani aliyenunua dawa keshakuja kuniomba mabua, nimempa.