Siku Pater Alipopiga Kura

Ngoma ya Buka hupigwa kwa ndala. Mianzi minene hukatwa kwa urefu tofauti, ikafungwa pamoja mithili ya mabomba ya kinanda cha kanisani, kisha mpigaji hushika ndala za mpira, moja kila mkono, akachapa midomo ya mianzi ile. Mlio wake ni mzito, unaupokea kifuani kabla haujafika masikioni. Asubuhi ya Jumamosi, 23 Novemba 2019, niliusikia nikiwa uani napiga mswaki, jua halijachomoza vizuri. Mama mwenye nyumba alitoka ndani amevaa gauni la bluu ambalo sikuwahi kumwona nalo, akasimama katikati ya ua na kusema, "Tude." Yaani leo. Hakuongeza neno.

Nilikuwa Buka tangu Septemba, mtumishi wa kujitolea wa Umoja wa Mataifa, nikisaidia upande wa vifaa kwenye kura ya maoni ya Bougainville, visiwa vya Papua New Guinea vilivyo Bahari ya Pasifiki. Buka ni mji mdogo ulioketi ukingoni mwa mlangobahari mwembamba, kisiwa cha Buka upande huu, kisiwa kikubwa cha Bougainville upande wa pili. Maji ya pale hukimbia kama mto. Ng'ambo ni Kokopau, na boti za faibaglasi huvusha watu kutwa nzima. Nahodha haelekezi omo kule anakokwenda. Huielekeza juu kabisa ya mkondo, kama mtu aliyekosea njia, na maji yenyewe humteremsha taratibu mpaka gatini. Nilivuka mara nyingi na masanduku ya kura mapajani, na kila mara niliwatazama wale manahodha kwa heshima.

Karatasi ya kura ilikuwa na chaguo mbili tu. La kwanza, mamlaka makubwa zaidi ya ndani huku wakibaki Papua New Guinea. La pili, uhuru. Walioandikishwa walikuwa 206,731. Kura yenyewe ilikuwa ahadi ya Mkataba wa Amani wa baada ya vita yao, uliotiwa saini mjini Arawa tarehe 30 Agosti 2001: ipigwe kati ya mwaka wa kumi na wa kumi na tano tangu serikali yao ya kwanza ya mamlaka ya ndani ichaguliwe, na hiyo ilichaguliwa 2005. Kwa hiyo watu walikuwa wamesubiri, na walijua kusubiri.

Lakini si kura peke yake iliyonishika. Alikuwa rais wao, John Momis, padri wa zamani.

Lazima niseme mimi ni nani, vinginevyo hili halitaeleweka. Mimi ni mtoto wa katekista, Mmwera wa Nachingwea. Baba alinisomesha seminari kwa fedha za korosho, msimu kwa msimu, na miezi michache kabla ya kupewa ushemasi niliacha. Sikufukuzwa, wala sikuwa na kashfa. Nilijiona siwezi kuuahidi umri wangu wote, nikarudi nyumbani na sanduku la bati. Baba hakunigombeza hata siku moja. Ila tangu siku ile hakuniomba tena jambo lolote la kanisani. Likizo zote za nyuma mimi ndiye niliyekuwa nawafundisha kwaya sauti ya tatu. Baada ya pale alimtafuta mtu mwingine, na mimi nilikaa benchi la nyuma kama mgeni. Kwetu aliyeacha husemwa kwa sauti ya chini, kama msiba ambao hauna matanga.

Sasa nikafika Buka, na wiki ya kwanza tu mama mwenye nyumba akaniambia habari za rais wao akimwita Pater. Ndilo neno la padri wa Kikatoliki kwa Tok Pisin, lugha inayowaunganisha watu wa Papua New Guinea. Nikamwambia, mama, nimesoma kwamba aliacha upadre miaka mingi, ana mke. Akanitazama kama niliyesema jambo lisilohusiana. "Em i pater bilong mipela," akasema. Ni padri wetu.

Maisha ya mzee yule niliyapata kwa vipande, vingine kwa yule mama, vingine kwenye vitabu nilivyosoma usiku chini ya chandarua. Alipadrishwa 1970. Mwaka 1972 aliingia bungeni, bado padri. Mwaka huohuo mgodi wa shaba na dhahabu wa Panguna ulianza kutoa madini, katikati ya milima ya Bougainville, shimo ambalo wenye ardhi walilitazama likipanuka huku fedha zikienda kwingine. Katika kamati iliyotunga katiba ya Papua New Guinea, mwenyekiti kwa jina alikuwa Michael Somare, ila aliyeibeba kazi ni Momis, naibu wake. Wazungu wa utawala wa Australia walitaka nchi ishikwe na mji mkuu. Yeye alitaka mamlaka yashuke kwa watu wa majimboni. (Kwa hilo la majimbo, mmoja wa wanasheria walioishauri Papua New Guinea ni Yash Ghai, Mkenya aliyewahi kuwa mkuu wa kitivo cha sheria pale Mlimani, Dar es Salaam. Nilipokutana na jina hilo chini ya chandarua huko Buka niliketi kitako kwa furaha.)

Mamlaka ya majimbo yaliondolewa kwenye rasimu dakika za mwisho. Tarehe 1 Septemba 1975, siku kumi na tano kabla ya uhuru wa Papua New Guinea, viongozi wa Bougainville walitangaza jamhuri yao wenyewe, na padri yule akapanda ndege kwenda New York kuiombea kwenye Umoja wa Mataifa. Hakuna nchi iliyoitambua. Mwaka uliofuata wakakubaliana na serikali ya Papua New Guinea iliyoko mji mkuu, Port Moresby, wakapewa serikali ya jimbo, na yeye akarudi kwenye siasa za taifa, akafika hadi naibu waziri mkuu.

Nilipokuwa seminari tulisoma kanuni ya 285 ya sheria za Kanisa za 1983: padri hashiki cheo cha umma chenye mamlaka ya kiserikali. Momis alikuwa ameshashika muda mrefu. Alivutana na jambo hilo miaka na miaka, na upadre akauweka chini mapema miaka ya 1990. Miaka na miaka! Mimi uamuzi wangu niliufanya ndani ya kipindi kimoja cha mvua, na bado nilikuwa nauogopa.

Yule mama hakuwa mtu wa kumpamba. Mwaka 1988 vijana wa Francis Ona, kiongozi wa wenye ardhi walioasi, walianza kulipua nguzo za umeme wa mgodi, 1989 mgodi ukafungwa, kisha ikaja vita na kuzingirwa kisiwa. Wengi hutaja watu hadi 20,000 waliokufa, wengi wao kwa maradhi, maana dawa hazikuvuka. Aliniambia walivyokamua mafuta ya nazi wakaendeshea magari. Aliniambia alivyomzika mtoto kwa homa ambayo vidonge vya shilingi chache vingeitibu. Kisha akasema, "Na Pater alikuwa Port Moresby, bungeni." Alimkasirikia kwa hilo. Uchaguzi wa 2005 kura yake alimpa Joseph Kabui, aliyeshinda, naye aliwahi kuwa mseminari. Mwaka 2010 alimrudia Momis, na 2015 tena.

Nikamuuliza kwa nini. Alikuwa anakuna nazi, hakuacha. "Padri ukimkasirikia, unamwendea ukamwambia," akasema. "Yeye aliwahi kunisikiliza."

Hilo nimelifikiria sana. Sidhani alimaanisha siasa.

Asubuhi ile basi tulitoka pamoja, yeye na gauni lake la bluu, bluu ya bendera yao. Katikati ya bendera ile imechorwa upe, kofia ndefu ya kusukwa ambayo vijana wa kiume wa sehemu za kaskazini walivaa wakipita kutoka utoto kwenda utu uzima. Nilimweleza mambo ya jando la kwetu, akacheka sana kusikia kwamba na sisi wavulana hupelekwa porini wakarudi wengine. Ardhi nayo, sehemu kubwa ya Bougainville, hupita kwa mama, kama ilivyokuwa kwa Wamwera zamani. Ndiyo maana wanawake walikuwa mbele siku ile. Walisema wanapigia kura udongo wao.

Uwanja ulikuwa Bel Isi Park. Bel isi ni amani, ila neno kwa neno ni tumbo lililotulia. Sisi husema moyo umetulia. Wao wameshusha jambo hilo chini kidogo, na nadhani wako sahihi, maana hofu ya vita hukaa tumboni. Watu walikuwa wamejaa, wamejipaka rangi mashavuni, watoto mabegani mwa baba zao. Vikundi vya mianzi vilikuwa vitatu au vinne, kila kimoja na wimbo wake, na hakuna aliyetaka kunyamaza ampishe mwenzake. Kijana mmoja ndala yake ilikatika ukanda kwa kuchapa. Aliitupa, akavua ya mguuni, akaendelea.

Rais alipofika sikumwona kwanza. Niliona umati ukifunguka na kujifunga, nyimbo zikaungana zikawa moja, na ndani yake mzee, mfupi kuliko nilivyomdhania, nywele zimejaa mvi, anatembea polepole. Nilikuwa nimesimama kando ya kituo na daftari langu la vifaa. Alipita hatua chache tu kutoka kwangu. Nilimtazama mikono. Sijui kwa nini mikono; labda kwa sababu upadre hupakwa mafuta mikononi, na tangu nilipoacha mimi huwatazama mapadre mikono kabla ya uso. Ilikuwa mikono ya mzee yeyote. Akaingia, akapewa karatasi, akaenda nyuma ya kile kibanda kidogo cha kupigia kura ambacho pengine nilikivusha mwenyewe kutoka ghalani.

Niliwaza New York. Miaka 44 iliyopita mtu huyu alikwenda kuubishia hodi Umoja wa Mataifa akiwa kijana mwenye kola nyeupe, akarudi mikono mitupu. Leo Umoja wa Mataifa umemjia yeye, umebeba masanduku, na mmoja wa wabebaji ni mimi. Koo lilinikaba. Mama mwenye nyumba alikuwa amesimama mbele ya foleni ya wanawake, analia waziwazi, hafuti machozi. Mzee alipotoka, wimbo ukapaa. Yule mama hakuimba. Aliinua mkono tu, kiganja wazi, akautunza hewani mpaka umati ulipomfunika mzee asionekane tena. Kisha akaingia kupiga kura yake.

Kura ziliendelea hadi 7 Desemba. Matokeo yalipotangazwa tarehe 11 na Bertie Ahern wa Ireland, mwenyekiti wa tume, kura 176,928 kati ya 181,067 zilitaka uhuru. Nilikuwepo Buka, nilikumbatiana na watu nisiowajua. Kazi ilikuwa haijaisha, maana kura ile yenyewe haikuwa ya kulazimisha, bado kuna mazungumzo na Bunge la Port Moresby. Mwaka uliofuata Momis alikuwa amefika ukomo wa vipindi vyake, na urais ukachukuliwa na Ishmael Toroama, kamanda wa zamani wa wapiganaji. Hayo yote ni makubwa. Ila mimi nikiikumbuka Buka hurudi kwenye Jumamosi ile, na jioni yake.

Saa mbili usiku kwao ni saa sita mchana Nachingwea. Nilikaa kwenye ngazi za nyumba, nikampigia baba.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Huko usiku?"

"Usiku, baba."

"Hapa tuko kanisani. Kesho Kristo Mfalme, kwaya wanajiandaa."

Niliwasikia nyuma yake. Nikamweleza habari za siku, mianzi, akina mama, na mwisho habari za rais. Nilisema neno ambalo sisi wawili hatukuwahi kulitamka tangu nirudi na sanduku la bati. Nilisema, "Baba, ni padri aliyeacha."

Akanyamaza. Nilidhani mtandao umekatika.

"Na watu wanamwitaje sasa?"

"Wanamwita Padri."

"Hadi leo?"

"Hadi leo, baba. Hata waliomkasirikia."

Kwaya nyuma yake walifika kwenye kiitikio wakakwama, wakaanza upya, wakakwama palepale. Nilimsikia baba akiondoa simu sikioni, akiwaambia kitu kwa Kimwera, kisha akarudi.

"Unawasikia? Sauti ya tatu hawajashika," akasema. "Ukija Krismasi, uwafundishe."