Mstari wa nne

Alasiri moja ya Machi 2018, mjini Morogoro, nilifungua barua pepe ya profesa mmoja wa Ujerumani, nikaifunga, nikaenda zangu kunywa chai. Huyo alikuwa profesa wa kumi na nne kumwandikia nikiomba nafasi ya uzamivu, na nilichokiona humo ni maneno manne tu: sina nafasi kwa sasa.

Wiki moja baadaye nikamsimulia dada mmoja aliyesomea uzamivu Göttingen. Akaniomba simu, akaisoma hadi chini.

"Mdogo wangu, wewe umeishia mstari wa pili. Huyu amekukubali."

Mstari wa nne ulisema mada inamvutia na atanisimamia nikija na ufadhili.

Kumbe kule mambo ni matatu, wala si jambo moja. Kuna nafasi, Stelle: ajira ya mkataba inayotangazwa kama kazi nyingine, mshahara wa daraja la E13 katika ngazi za mishahara ya umma, mara nyingi asilimia 65 au 75 tu ya mshahara kamili (kazi yenyewe huwa ya siku nzima, usidanganyike). Kuna msimamizi kukubali kukusimamia. Halafu kuna kitivo kukupokea rasmi kwa kanuni zake, Promotionsordnung. Profesa asiye na Stelle bado anaweza kukusimamia, na ukiomba ufadhili wa DAAD (shirika la Ujerumani la kubadilishana wasomi) wa kufanyia uzamivu kule, barua ya msimamizi ndiyo inayotakiwa.

Tukazipitia zile barua kumi na tatu zilizokufa. Zilikuwa barua moja, nikibadilisha jina; tena mahali pamoja nilisahau kubadilisha. Viambatisho saba, kila cheti na faili lake. Tangazo moja la kazi lilikuwa na Kennziffer, namba ya tangazo. Usipoitaja, karani hajui maombi yako ni ya kazi ipi. Sikuitaja. Ile ya kumi na nne niliiandika nikiwa nimechoka, ndiyo maana ikawa fupi: sentensi sita, makala yake moja kuhusu fosforasi kwenye udongo ambayo niliisoma kweli, swali langu, na PDF moja yenye wasifu, matokeo na kurasa mbili za wazo.

Dada akaingia anabin, hifadhidata ya Wajerumani ya vyuo vya nje, kuhakikisha changu kina alama ya H+, yaani kinatambulika. Kisha akageuza risiti ya chai, akaigeuza GPA yangu ya shahada ya kwanza, 3.8, kuwa alama ya Kijerumani, maana kwao 1.0 ndiyo juu kabisa na 4.0 ndiyo mwisho wa kufaulu: 5 toa 3.8, gawa kwa 3 (tofauti ya 5, alama yetu ya juu kabisa, na 2, ya mwisho wa kufaulu), zidisha kwa 3, ongeza 1. Ikatoka 2.2.

"Uzamili ulimaliza lini?"

"2013."

Akanyamaza kidogo. DAAD hutaka isizidi miaka sita tangu shahada ya mwisho. Nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja, na wiki nzima nimeipoteza kwa kununa.

Siku nne baadaye nikamjibu profesa. Nikaomba radhi kwa kuchelewa, nikamwomba barua yenye nembo ya chuo, ikitaja mada, muda na maabara nitakayotumia. Nikaambatisha andiko la kurasa kumi, ambalo nililiona halina kasoro.

Asubuhi jibu lilikuwepo. Safari hii nikalisoma lote, ingawa lilikuwa mstari mmoja: "Ratiba iko wapi, mwezi kwa mwezi?"