Nilivyofanikiwa kupata rangi zilizokolea kwenye picha za mtaani

Najua wengi mnaoanza picha za mtaani mnakutana na hiki kitu. Unaona kwa macho kabisa ukuta wa bluu umekolea, mtu anapita na koti jekundu, moyo unaruka, unapiga, afu ukija kufungua picha kwenye skrini kila kitu kimepauka, bluu imekaa kikijivu na lile koti limekuwa doa jekundu halina hata mkunjo mmoja wa kitambaa. Ushauri wa haraka utakaopewa ni ongeza sachuresheni, yaani ukali wa rangi kwenye kuediti. Sawa unaongeza, uso wa mtu unageuka rangi ya chungwa, ukuta unaanza kuumiza macho na picha bado haina uhai.

Mimi kilichonitoa hapo ni kuanza kujiuliza swali jingine kabisa, hii rangi inapotelea wapi kabla haijafika kwenye kamera? Na nilivyozidi kuchunguza nikaona sehemu kubwa inamezwa na vitu vya ziada, mng'ao juu ya kitu, mwanga uliozidi, na rangi nyingine nne tano zinazogombania jicho kwenye fremu ileile. Kwa hiyo karibu kila nitakachoeleza hapa ni kupunguza kitu fulani.

Nianze na mng'ao maana kwangu ndo ulileta tofauti kubwa na hauhitaji hela. Chukua gari jekundu lililopaki juani, au mlango uliopakwa rangi ya mafuta, au majani. Kuna mwanga wa aina mbili unaorudi kwako. Kuna ule ulioingia ndani ya rangi ukatoka umebeba wekundu, na kuna ule uliogonga juujuu ukaruka kama ulivyokuja, mweupe. Huo mweupe ukilala juu ya ule mwekundu unapata rangi iliyochujuka. Kwa macho hausumbui sana maana unatikisa kichwa kidogo na ubongo unarekebisha, ila kamera inachukua vyote kama vilivyo. Basi nikajizoesha, nikiona rangi nzuri sipigi kwanza, nasogea hatua mbili kushoto, nasogea kulia, nachuchumaa, naangalia ule mng'ao unahamia wapi. Jaribu na hilo gari jekundu, utafika pembe fulani utaona ubavu wote unabadilika kutoka weupeweupe unakuwa nyekundu nzito mbele ya macho yako, na hujagusa kitu chochote kwenye kamera.

Baadaye ndo nikapata filta ya polaraiza, ile unayoifunga mbele ya lenzi afu unaizungusha huku unaangalia. Kazi yake ni hiyohiyo ya kukata mng'ao, kwenye majani, rangi za kuta, vioo na sehemu zilizolowa. Inafanya kazi vizuri zaidi jua likiwa pembeni yako, likiwa mgongoni au usoni kabisa kwenye anga huoni tofauti kubwa. Kwenye chuma kitupu kisichopakwa rangi haisaidii. Na inakula mwanga, stopu moja mpaka mbili hivi (kila stopu ni kupunguza mwanga kwa nusu), kwa hiyo jioni giza likianza kuingia mi naivua. Kwa anayeanza sidhani kama ni lazima uwe nayo, miguu yako itafanya sehemu kubwa ya hiyo kazi.

Na mvua jamani! Mvua ikikatika tu mi natoka. Ukuta mkavu una vikwaruzo vidogodogo vinavyotawanya mwanga mweupe kila upande, maji yakishavijaza rangi inakuwa nzito, lami inakuwa nyeusi tii, vumbi limeshaoshwa, na ile lami nyeusi inafanya kila kitu kilicho juu yake kionekane kimewaka zaidi. Hata siku ya mawingu isiyo na mvua usiidharau. Hakuna vivuli vikali, mng'ao ni laini, njano na nyekundu zinatulia vizuri sana, sharti tu ufiche anga. Anga la mawingu ni karatasi nyeupe, likiingia kwenye fremu linavuta jicho lote na kamera inaanza kuhangaika nalo. Inamisha lenzi chini kidogo au tafuta ukuta ujaze fremu nzima.

Jua la utosi kwa picha za rangi ni gumu ila linapigika. Yupo mpiga picha wa Marekani anaitwa Alex Webb, alianza na picha nyeusi na nyeupe akahamia kwenye rangi mwishoni mwa miaka ya 1970, nenda kaangalie kazi zake zilizopigwa kwenye jua kali. Vivuli anaviacha viwe vyeusi kabisa, hajaribu kuvifungua, na rangi inabaki ile tu iliyoguswa na jua. Niliposoma picha zake polepole ndo nikaelewa kwamba kivuli nacho kinasafisha fremu, vikorokoro vyote visivyohitajika vinazama humo. Toka hapo nikitoka mchana natafuta mahali jua linapoingia kati ya majengo mawili na kuacha mstari wa mwanga njiani, nasimama, nasubiri mtu aingie kwenye huo mstari.

Sasa eksposha, yaani kiasi cha mwanga unachoiruhusu kamera ipokee, na hapa naomba mtulie kidogo maana ndo chanzo cha lile doa jekundu nililosema mwanzo. Kamera inarekodi nyekundu, kijani na bluu kwa njia tatu tofauti. Koti jekundu juani linajaza ile njia ya nyekundu mpaka juu kabisa wakati kijani na bluu ziko chini, na kamera ukiiuliza kwa ujumla inakwambia mwanga uko sawa. Kumbe upande wa nyekundu umeshaungua, mikunjo, mishono, vifungo, vyote vimepata thamani ileile ya juu na hakuna programu itakayorudisha kitu ambacho hakikurekodiwa. Dawa yake ni mbili. Kwanza ingia kwenye menyu uwashe ile histogramu, yaani grafu ya mwanga kutoka giza kushoto mpaka weupe kulia, inayoonyesha rangi tatu kila moja peke yake, si ile moja nyeupe ya jumla, ukiona mlima wa nyekundu umebanana na ukuta wa kulia ujue imeungua. Pili shusha eksposha kwa theluthi mbili za stopu, siku ya jua kali stopu nzima. Kwenye simu gusa sehemu yenye mwanga mwingi halafu buruta kale kajua chini. Utaona papo hapo rangi inanenepa. Watu waliokuwa wanapiga filamu za slaidi kama Kodachrome walikuwa na tabia hiyohiyo ya kunyima filamu mwanga kidogo ili rangi ikolee, kwa hiyo si ujanja mpya huu. Ila usishushe kupita kiasi, ukishusha stopu tatu afu uje kuvuta vivuli juu utapata chengachenga kila mahali na rangi za kwenye kivuli zitakuwa za ajabu.

Seti zangu za kawaida juani ni apacha (tundu la lenzi) f/8, shata (muda wa kuingiza mwanga) ya 1/500 ya sekunde au haraka zaidi kwa mtu anayetembea karibu, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 200 au 400. Hapo sina mengi ya kusema.

Waiti balansi, ile seti inayoiambia kamera mwanga una rangi gani, ndo nataka niisemee zaidi maana watu wengi wanaiacha kwenye oto maisha yote. Oto ina nia njema, inataka kitu cheupe kionekane cheupe, lakini jua la asubuhi au la jioni ni la dhahabu na wewe umetoka nyumbani kwa ajili ya hiyo dhahabu, oto inaiona kama kosa inaisahihisha. Mimi nimeifunga kwenye alama ya jua, ambayo ni kama Kelvini 5500 hivi (Kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga), naiacha hapo. Faida yake nyingine ni kwamba kivuli kinabaki na ubluu wake, maana sehemu ya kivuli inaangazwa na anga la bluu na si jua lenyewe, kwa hiyo fremu moja inakuwa na dhahabu juani na bluu kivulini, rangi mbili zinazopendana bila wewe kupanga chochote. Kuna na ule muda mfupi baada ya jua kuzama, anga bado lina bluu nzito na taa za maduka zimeshawaka. Huo muda haukai kabisa. Mi nakuwa nimeshachagua mahali pa kusimama kabla jua halijazama maana ukianza kutafuta wakati huo utakuta anga limeshakuwa jeusi.

Nije kwenye idadi ya rangi, hapa ndo napapenda kuliko kote. Kuna mkemia wa Ufaransa anaitwa Michel Eugène Chevreul alikuwa msimamizi wa kutia rangi kwenye kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, Paris. Watu walilalamika kwamba nyeusi ya kiwandani haijakolea vya kutosha. Akachunguza akakuta rangi nyeusi yenyewe haina tatizo, tatizo ni rangi zilizofumwa jirani na hiyo nyeusi, bluu na zambarau, ndizo zilizokuwa zinaifanya jicho liione imefifia. Mwaka 1839 akachapisha maelezo yake kuhusu namna rangi mbili zikikaa pamoja zinavyobadilishana mwonekano. Mimi hii habari ilinikaa kichwani sana. Maana yake nyekundu yako inaweza kuwa imepigwa vizuri kabisa na bado ikaonekana imelala, kwa sababu tu ya kilicho pembeni yake. Nyekundu katikati ya chungwa na pinki inapotea. Nyekundu hiyohiyo mbele ya kijani iliyotulia, au mbele ya kijivu, inaruka.

Saul Leiter alilijua hilo. Alikuwa anapiga rangi kwenye mitaa ya New York tangu mwishoni mwa miaka ya 1940, kipindi ambacho picha ya rangi wengi waliiona ni mambo ya matangazo. Picha zake nyingi sehemu kubwa ya fremu ni theluji, ukungu, kioo chenye mvuke au giza tu, afu kuna kipande kimoja cha mwavuli mwekundu au taa ya njano, na hicho kipande kinabeba picha nzima. Rangi kidogo mno kwa eneo, lakini huwezi kuisahau.

Basi utaratibu wangu sasa ni huu. Natafuta kwanza mandhari ya nyuma, ukuta wa rangi moja tu, safi, usio na mabango. Tuseme ni ukuta wa bluu umepigwa na jua la pembeni saa kumi jioni. Nasimama upande wa pili wa njia, natunga fremu nikiacha nafasi tupu atakapoingia mtu, nafunga fokasi hapo, napiga moja ya majaribio naangalia histogramu, afu nasubiri. Anapita mtu wa shati jeupe, anapita mwenye suti ya kijivu, kundi la watu wameongozana na rangi kama nane kwa pamoja, wote hao nawaacha wapite. Hii ya kuwaacha watu wapite ni ngumu, mkono unawasha, ila ndo inayotofautisha. Halafu anatokea mama na mwavuli wa njano, mkoba mweusi, nguo nyeusi, anaingia kwenye bluu na njano inawaka mpaka unaona kivuli chake kimechorwa ukutani pembeni yake, hapo unapiga nyingi mfululizo maana mguu nao lazima ukae vizuri. Na kama mtu hapendi kupigwa akakuashiria, shusha kamera, mwonyeshe, futa, omba radhi, hakuna rangi inayostahili kumkosesha mtu amani njiani kwake.

Kama unaanza leo chagua rangi moja utoke nayo, nyekundu tu kwa mfano, usipige kitu kingine hata kiwe kizuri vipi. Jicho linazoea haraka kuliko unavyodhani, unaanza kuona nyekundu kwenye soli ya kiatu, kwenye kifuniko cha chupa, kwenye taa ya breki iliyojichora kwenye dimbwi.

Kuediti kwangu siku hizi ni kufupi. Napiga raw, yaani faili ghafi la kamera lisilobanwa kuwa JPEG, kwa sababu ina ngazi nyingi za rangi, kamera nyingi zinarekodi biti 12 au 14, JPEG ni biti 8 yaani ngazi 256 tu kwa kila rangi, ukiivuta sana anga linaanza kuonyesha mistarimistari. Kitu cha kwanza nashusha kitelezi cha weusi kidogo ili sehemu za giza ziwe nyeusi zaidi, hiyo peke yake inakoleza rangi zote kabla hujagusa kingine. Afu vaibransi kidogo, si sachuresheni, maana vaibransi inasukuma zaidi rangi zilizofifia na inaihurumia ngozi ya mtu, sachuresheni inasukuma zote kwa nguvu moja. Halafu naenda kwenye rangi mojamoja, na hapa siri ni kwamba ukitaka bluu nzito usiongeze ukali wake, punguza mwangaza wake, itazama vizuri na bado itaonekana ya kweli. Na rangi inayoleta kelele, labda pipa la kijani kwenye kona, naipunguza ukali mpaka inakaribia kijivu.

Ukimaliza hifadhi kwa sRGB, mpangilio wa rangi unaoeleweka na skrini na mitandao karibu yote. Kuna kamera zina chaguo la Adobe RGB na kwa jina linaonekana bora, ila ukiipandisha mtandaoni programu isiyoielewa itaonyesha rangi zimepooza na utaanza kutafuta tatizo mahali ambapo halipo. Pia zima ile seti ya simu inayofanya skrini iwe ya njano usiku kabla hujaanza kuediti.

Kinachonipa kazi kwa sasa ni kijani. Majani juani yanavuta kwenye njano sana, ile njano ya ukali inayogombana na ngozi, na kupunguza mwangaza peke yake hakutoshi. Naona nikisogeza kijani kidogo kuelekea bluu kwenye kuediti inatulia, na nikipiga majani yakiwa na jua nyuma yake yanawaka kama taa badala ya kung'aa weupe, ila hapo eksposha inabidi niipimie kwenye jani lenyewe na mtu anageuka kivuli cheusi. Mwenye njia ya kubaki na vyote viwili naomba aniambie.