Dereva wa Mbagala Jangwani

Mwaka 2019 nilikuwa mlinzi kwenye jengo moja la Deira, Dubai, zamu ya masaa 12, mapumziko siku moja tu kwa wiki. Kabla ya hapo nilikuwa nimeendesha bodaboda Mbagala, Dar es Salaam, kwa miaka mitatu, na wenzangu wa chumbani walikuwa wameshachoka kulisikia hilo. Kwa hiyo Desemba, tulipochanga hela twende jangwani tukapande zile pikipiki za matairi manne, nilitangaza kwamba mimi sihitaji mwalimu. Nililisema kwa sauti, mbele ya mashahidi.

Tulikuwa wanne: mimi, mzee mmoja wa Tanga tuliyemwita Mjomba, kijana wa Kampala mwenye gari la kuazima, na dada wa Mombasa, msusi, ambaye kwa kauli yake mwenyewe hata baiskeli hakuwahi kuipanda. Tukaswali Ijumaa, kijana wa Kampala akatungoja nje, kisha tukashika barabara ya Hatta. Mwendo kama wa saa moja. Maghorofa yakaisha, na mchanga ukaanza kugeuka rangi hadi ukawa mwekundu wa kutu. Na kweli ni kutu: madini ya chuma yaliyomo ndiyo yanayoupaka. Pale Al Badayer lipo tuta moja watu wanaliita Big Red, urefu wake unakaribia mita 100. Nililiona kama mlima wa Uluguru ulionyolewa miti.

Msimamizi alikuwa Mpakistani. Kiingereza chake kidogo, changu nacho cha kuombea maji, lakini tulielewana. Gari kwao ni gari vilevile, wakilitamka kwa kupinda ulimi kidogo. Basi, ile ya kusema yatosha, ni "bas". Hatari ni "khatra". Mjomba akasema huyu bwana lazima ana shangazi Tanga. Akatuonyesha kwamba mafuta hayavutwi kwa kuzungusha mkono kama kwenye Boxer, pikipiki ya bodaboda: kuna kikono kidogo, unakisukuma kwa dole gumba la kulia. Matairi yalikuwa yamepunguzwa upepo mpaka ukiyabonyeza yanabonyea, ili yalale juu ya mchanga yasiuchimbe. Mwisho akainama, akagonga kiatu changu, akagonga pale pa kukanyagia, akainua kidole. Mguu usitoke hapo. "Khatra." Nikaitikia kama mtu anayeelezwa kwamba maji yanalowesha.

Dakika kumi za kwanza zilitosha kunitoa jasho. Bodaboda ukitaka kona unalala nayo. Hii ukilala nayo inakwenda mbele tu, mpaka uupige usukani kwa mikono yote miwili. Kila ambacho mwili ulikuwa umekizoea, chombo kilikikataa. Yule dada, ambaye hakuwa amezoea chochote, alikuwa mbele yetu anatimua vumbi na buibui lake amelifunga kiunoni.

Tukaanza kupanda tuta. Katikati ya mwinuko nikatazama chini, nikaogopa, dole gumba likalegea. Ukiachia mafuta mchangani tena mlimani, umekwisha. Pikipiki ikasimama, ikainamia kushoto, na mguu wangu wa kushoto, bila kuniuliza, ukashuka kukanyaga chini, kama ulivyozoea kushuka kila siku kwenye foleni ya Rangi Tatu. Palepale dole gumba nalo likashtuka, likasukuma mafuta. Pikipiki ikaruka mbele. Tairi la nyuma likanipanda kisigino, likanishusha kwenye kiti kama mtoto anayeteremshwa mwembeni, likaupita mguu wote. Kilichoniokoa ni mchanga. Mguu ulizama badala ya kuvunjika. Chombo chenyewe kikaenda hatua chache, kikasimama, kikabaki kinanguruma taratibu kama kinangoja abiria.

Msimamizi alikuja mbio akipiga kelele, "Bas! Bas!" Akanivua kiatu, akanichezesha vidole kimoja kimoja. Vyote vilicheza. Akaitazama pikipiki, akanyoosha kidole pale pa kukanyagia, halafu akanitazama mimi. Hakusema kitu, na nadhani matusi yangekuwa afadhali.

Huko juu kabisa dada alikuwa amesimama kileleni, helmeti mkononi, jua la magharibi nyuma yake, anatupungia.

Kurudi tulisimama njiani kunywa karak, ile chai ya maziwa na iliki. Nilikuwa nachechemea, na mchanga masikioni nilikuja kuutoa siku mbili baadaye. Kesho yake nikasimama zamu yangu yote ya masaa 12, kifundo kimeumuka kama andazi ndani ya kiatu cha kazi. Saa nne asubuhi simu ikatetemeka mfukoni. Dada alikuwa ametuma video. Mimi mwenyewe sionekani vizuri, ni wingu la vumbi na soli moja ya kiatu iliyoelekea mbinguni. Kinachosikika ni sauti ya Mjomba, mpole kabisa, anaita kutoka chini ya tuta:

"Dereva! Mbona umeshuka kabla ya abiria?"