Siku moja maishani mwangu: najenga ndege ya injini ya Mazda hapa Texas

Saa 11 alfajiri. Chai ya rangi, mkate, nafungua daftari la ndege nione jana niliishia wapi. Naishi nje kidogo ya Houston, kazi inayonilisha ni ufundi magari, jioni nipo hanga, banda la kuwekea ndege. Ndege ni RV-7, ndogo ya viti viwili, vipande vyake vinatoka kwa Van's Aircraft kule Oregon unaunga mwenyewe, ila pale mbele ambapo wengi wanafunga Lycoming, injini ya pistoni ya ndege, mimi nimefunga 13B, injini ya rotari iliyokuwa kwenye gari la Mazda RX-7, ambayo ndani zinazunguka rota za pembe tatu badala ya pistoni kupanda na kushuka. Ndo maana maneno hayaniishi, watu wananiambia injini ya gari, tena ya rotari, haifai kwenye ndege.

Saa 1 asubuhi. Gereji. Breki, oili, breki tena. Fundi mwenzangu ananiuliza tena, hiyo si ndo injini ya kuua apeksi sili, zile sili za kwenye ncha za rota? Namwambia sili zinakufa sana kwenye magari yaliyofungwa turbo na kukamuliwa kupita kiasi, au yaliyochemsha mtu akaendelea kuendesha, yangu haina turbo na mafuta naichanganyia oili ya tuustroki kidogo ili sili zipate ulainisho. Anatikisa kichwa, tunarudi kazini.

Saa 6 mchana. Tanga ni saa 2 usiku, nampigia kaka mkubwa. Shikamoo kaka. Marahaba, mdogo wangu hivi kwa nini usinunue injini ya ndege kama wenzio? Namweleza taratibu maana yeye anauliza kwa upendo. Lycoming O-360 ni karibu lita 6, nguvu farasi 180, injini nzuri sana sibishi, lakini mpya inapita dola 30,000. 13B ni cc 1,308 tu, ndani vitu vikubwa vinavyozunguka ni vitatu, rota mbili na shafti yake, hakuna vali, hakuna pistoni, hakuna koneti rodi ya kuchomoka ikatoboa bloku. Sili ikivunjika mara nyingi unapoteza nguvu ila injini inaendelea kuzunguka, na ukiwa juu hizo dakika za kutafuta pa kutua ndo uhai wenyewe. Nikamwambia hata Wajerumani, Schleicher, wametengeneza glaida, ndege ya kuelea na upepo, ya ASH 26 E yenye injini ya rotari kiwandani kabisa. Kaka akanyamaza kidogo, akasema sawa, ila usiruke kabla hujaniambia.

Saa 10 alasiri. Hanga, na hapa ndo siku yangu inaanza kwa kweli. Kwanza napima kompresheni, mgandamizo wa hewa ndani ya injini. Natoa plagi za chini, nafunga geji niliyoitoa kivali chake, nazungusha kwa stata huku natazama mshale. Rota ina pande tatu kwa hiyo mshale unaruka mara tatu halafu unarudia, puf puf puf, puf puf puf, na unachotafuta ni usawa, ukiona mruko mmoja mfupi kuliko wenzake jua kuna sili inavuja upande huo. Leo zote ziko sawasawa, rota ya mbele na ya nyuma.

Kisha rejeta. Wanaopinga wanaitazama injini, mimi nasema watazame vilivyoizunguka, maana injini hizi zikikwama angani ukifuatilia mara nyingi unakuta ni mfumo wa mafuta, waya, au upozaji. Rotari inatoa joto jingi sana kwenye oili, sehemu kubwa kuliko injini za pistoni, kwa hiyo kipoza oili kidogo hakikubaliki. Napitisha tochi nyuma ya rejeta naona mwanga unapenya pembeni, upana wa ukucha tu, lakini hewa ni mvivu bwana itapita hapo badala ya kupenya kwenye mapezi ya rejeta. Naziba kwa silikoni ya joto kali, kona kwa kona, mpaka mwanga umepotea.

Saa 12 jioni. Silikoni imeshika, ndege imefungwa kamba magurudumu na mkia, nawasha. Jirani yangu wa hanga, mzee rubani mstaafu asiyeiamini kabisa Mazda, kasimama pembeni na mtungi wa kuzimia moto bila kuombwa, na mimi namheshimu sana kwa hilo. Gia boksi inagawa mizunguko ya injini kwa 2.85, injini ikifika mizunguko 7,500 kwa dakika propela inakuwa kama 2,630, bila hivyo ncha za propela zingepita kasi ya sauti. Oili inapanda, inapanda, inasimama nyuzi 91 za Selsiasi. Mimi mpaka wangu ni 99. Mzee anasogea, anatazama geji muda mrefu, ananiuliza, na ekzosi? Swali la mtu anayejua! Moshi wa rotari ni wa moto kuliko wa pistoni na mafla za kawaida unazichoma ndani ya muda mfupi.

Saa 2 usiku. Naandika namba zote daftarini. Bado ukaguzi wa FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, na kwa kuwa injini haina cheti cha ndege natakiwa kuruka saa 40 za majaribio bila abiria kwenye eneo nitakalopangiwa, wenye injini na propela zenye cheti wanapewa 25. Nazitaka hizo 40 zote. Kesho mafla.