Pompeii: kodi ya mkojo, bata ukutani na kinyago cha pembe

Pompeii ni mji wa Warumi uliofukiwa na volkano ya Vesuvius mwaka 79. Kutoka Naples, Italia, unapanda treni ya Circumvesuviana, imechoka kidogo na inajaa balaa so shika pochi yako vizuri, unashuka Pompei Scavi na geti liko hapo hapo. Mi niliendea mahekalu kama watalii wote ila aisee kilichonikamata ni mambo ya mtaani.

Barabara zenyewe za mawe makubwa, zimechimbika kabisa pale magurudumu ya mikokoteni yalipokuwa yanapita, na katikati kuna mawe yaliyonyanyuka ya kuvukia usikanyage uchafu, wameyaachia nafasi mkokoteni upite.

Sasa njoo kwa dobi. Anaitwa Stephanus, duka lake liko Via dell'Abbondanza. Nguo zilikuwa zinalowekwa kwenye mabeseni halafu watu wanazikanyaga kwa miguu ndani ya maji na mkojo, ndiyo mkojo, kwa sababu ukichacha unatoa amonia na amonia inang'oa mafuta ya kwenye nguo. Mpaka Kaisari Vespasian akaona hela hapo akautoza kodi! Huyo alifariki mwaka 79, miezi michache tu kabla Vesuvius haijalipuka. Na toga sio kashuka kadogo, ni bonge la kitambaa cha sufu, raia wa Roma tu ndio wa kuivaa, mtumwa marufuku, afu unahitaji mtu wa kukusaidia kuipanga. Kaisari Augustus alishalalamika watu wanaikwepa, mi nawaelewa kabisa, kwa jua lile la Julai!

Mtaa mwingine kuna mgahawa wa enzi hizo hizo uliofunguliwa kwa watalii 2021, kaunta yake ina mashimo ya mitungi ya chakula, ni mama ntilie tu jamani maana nyumba nyingi ndogo hazikuwa na jiko. Walikuta mabaki ya bata, mbuzi, samaki na konokono (konokono wabaki nao wenyewe). Mbele ya kaunta wamechora jogoo, bata wawili wameninginizwa kichwa chini, na mbwa mwenye mnyororo, rangi bado zinawaka, na mtu kakwaruza tusi pembeni ya huyo mbwa, tusi lenyewe siliandiki hapa.

Ukirudi Naples pitia makumbusho ya akiolojia. Kuna mkate ulioungua ukawa mkaa, umetoka Herculaneum, mji jirani uliofukiwa pamoja na Pompeii, una muhuri wa Celer, mtumwa wa Quintus Granius Verus, herufi unazisoma kabisa. Ila mimi nilikaa sana kwa kinyago kidogo cha mwanamke wa Kihindi cha pembe za ndovu, kilichimbuliwa Pompeii 1938. Hicho kilitoka India, lakini karne hiyo hiyo ya 1 kuna mwongozo wa mabaharia wa Kigiriki unaitaja Rhapta, bandari ya huku pwani yetu, na bidhaa kubwa wanayosema inatoka huko ni pembe za ndovu.